Siku Mama Turubai Alipoezua Paa Lake

Ukitaka kuoa, kuoza au kuzika katika mji wetu, ilikuwa lazima upite kwa Mama Turubai. Ua wake unatazamana na duka langu la dawa, barabara tu katikati, kwa hiyo mengi ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu. Yaliyobaki alinisimulia mwenyewe, akiwa amekaa kwenye benchi langu anasugua magoti kwa dawa ya kuchua ambayo mpaka leo hajakubali kwamba inamsaidia.

Ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kazi yake aliianza bila kukusudia. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alipofariki, mwenye lori alikuja kutoa pole mikono mitupu, akaona aibu, akashusha turubai kuukuu lililokuwa likifunika mizigo na kumwachia mjane. Haikupita muda jirani akawa anaoza binti, mvua ikamwagika wageni wakiwa wamekaa, na mjane yule akatoka na turubai lake, akapanda juu ya kiti, akalifunga kwenye pembe ya nyumba kwa kamba ya kuanikia nguo. Harusi ikaendelea. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake.

Turubai moja likazaa mengine. Yakaja meupe ya harusi, ya buluu ya misiba, na lile kubwa la mistari la mikutano ya shule. Vikaja viti vya plastiki, mabomba ya chuma ya kusimamishia, vigingi, na pikapu yenye mlango mmoja usiofunguka. Akaja pia mdogo wake wa kiume kumsaidia, jamaa mrefu, mwembamba, ambaye mji mzima ulimwita Kamba. Kamba ndiye aliyepanda juu kabisa kufunga kilele, ananing'inia huko huku anatania walio chini.

"Bwana harusi!" alikuwa akipiga kelele. "Bado una nafasi ya kukimbia. Mimi huku juu naziona njia zote!"

Mke wa Kamba alifariki akijifungua, na binti aliyebaki alilelewa katika ua ule, analala mchana juu ya marundo ya maturubai kama paka. Alipokua alipata kazi ya kuoka mikate, na kila asubuhi alipita dukani kwangu ana unga kwenye nyusi.

Vita vilikuwa milimani, mbali na sisi. Tulivisikia redioni, tulivisikia kwa wasafiri. Kisha ikaja ndege isiyo na rubani.

Tuliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa sauti kama ya cherehani inayoshona katika chumba cha jirani, haipandi wala haishuki. Ukitazama juu, kama macho yako ni mazima, unaona kitu cheupe, chembamba, kinazunguka taratibu kama kina kutwa nzima ya kupoteza. Tulijua kwamba anayeiendesha amekaa kwenye kiti mahali fulani, mbele ya kioo, pengine na kikombe cha chai mkononi. Redio ilisema ni droni ya jeshi letu, inawatafuta waasi, raia wema wasiwe na wasiwasi. Vijana wa mtaani wakaibatiza jina: Mama Mkwe. Kwa sababu, walisema, inakutazama tu, haisemi neno, na hujui umeikosea wapi.

Tulicheka sana. Wakati ule bado tulikuwa tunacheka.

Akafariki mzee mwenye mashine ya kusaga. Alikuwa mtu wa watu, aliyesagia vijiji vyote mpaka huko juu milimani, kwa hiyo watu walikuja kumlilia kutoka kila upande, wengine kwa pikipiki, wengine wamebebana nyuma ya magari. Mama Turubai alisimamisha turubai kubwa la buluu pembeni ya mashine. Wageni wakazidi viti. Akaingia kwenye pikapu kurudi nyumbani kuongeza, akamwachia Kamba kukaza kamba maana upepo ulikuwa umeanza kusumbua.

Alikuwa njiani anarudi, viti vinagongana nyuma, alipoona moshi kabla ya kusikia mshindo. Akakanyaga mafuta. Bomu la pili lilianguka mbele ya macho yake, juu ya watu waliokuwa wamekimbilia kuokoa majeruhi.

Sitaeleza kila alichokikuta. Mimi mwenyewe nilibeba bandeji zote za dukani na zikaisha kabla sijafika nusu ya watu. Nilimwona akivuta mabomba ya chuma kwa mikono, yana moto, ngozi ya viganja inabaki kwenye chuma na yeye hajui. Kamba alikuwa chini ya mabomba hayo. Alikuwa ameshikilia kamba, ameizungusha mkononi mara mbili, kama anavyofanya mtu anayekusudia kufunga fundo.

Jioni redio ikatangaza kwamba jeshi limefanikiwa kushambulia mkutano wa waasi uliokuwa ukifanyika chini ya hema, na kwamba waasi wengi wameuawa.

"Waasi," Mama Turubai alisema, viganja vyake vimefungwa nguo.

Baada ya hapo mji wetu uliogopa kukusanyika. Usidhani ni jambo dogo. Tulizika watu wachache wachache, haraka haraka, kama tunaficha kitu cha wizi. Harusi zilihamia jikoni, mapazia yamefungwa, mashahidi wamesimama kati ya sufuria. Shule iliacha kupanga watoto mstari asubuhi. Wazee waliokuwa wakinywa chai pamoja sasa kila mmoja alikaa na ukuta wake, wanapigiana kelele za salamu kutoka mbali. Ndege haikuja siku za mawingu mazito, basi tukaanza kuyapenda mawingu. Watu walifua siku za mawingu na kujifungia ndani siku za jua, mpaka mji mzima ukawa unanuka nguo mbichi.

Maturubai yakalala stoo. Mama Turubai aliweka kufuli mlangoni na panya wakafanya makazi.

Ndipo akaja kapteni. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye harufu ya sabuni nzuri, msemaji wa jeshi katika eneo letu. Alikuja mchana kweupe, akaegesha gari nje ya ua, akavua kofia kabla ya kuingia, na kumwita mama kila baada ya neno. Nilikuwa pale kumbadilishia Mama Turubai bandeji. Hakunifukuza. Nadhani alitaka shahidi.

"Pole sana mama," alisema. "Kwa kweli tunasikitika. Lakini mama, sisi tunaona kutoka juu. Turubai linaficha. Wanaume wengi wanaingia chini ya turubai, magari yanateremka kutoka milimani, hakuna anayetoka. Ungekuwa wewe, mama, ungefikiri nini?"

"Ningefikiri kuna mtu amekufa," alisema Mama Turubai.

Kapteni akatazama kofia yake. Kisha akaeleza lililomleta. Kulikuwa na maneno maneno mjini, na maneno hayo hayamsaidii mtu. Mama aje redioni, azungumze kwa dakika chache tu. Aseme alidanganywa. Aseme waliokodi turubai walimwambia ni msiba, kumbe walikuwa na yao. Akisema hivyo, basi yeye na ndugu yake wataonekana ni watu waliotumiwa bila kujua. Jina la Kamba litasafishwa.

"Litasafishwa uchafu gani?" aliuliza.

"Mama, nakusaidia."

Alitazama viganja vyake. Mimi nilishikilia mkasi hewani. Mwishowe akasema, "Haya. Nitakuja redioni."

Habari zikaenea kabla gari la kapteni halijafika mwisho wa barabara. Watu walimuuma kwa maneno. Wengine walisema amenunuliwa, wengine kwamba ameogopa, na anayeogopa asilaumiwe. Binti wa Kamba alitoka kazini, akasimama mlangoni mwa shangazi yake, akauliza, "Ni kweli?" Alipojibiwa ndiyo, akageuka akaenda kulala kwa rafiki yake.

Redio yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme. Wamebandika vipande vya godoro ukutani ili sauti isirudi. Mtangazaji wake alikuwa mtu tunayempenda wote, mwenye sauti ya asali, msomaji wa salamu na matangazo ya vifo, na kila aliyempenda msichana mjini humu aliwahi kumtumia wimbo kupitia kwake. Siku hiyo alimkaribisha Mama Turubai, kapteni amekaa kando, miguu imekunjwa.

Nilikuwa nimewasha redio dukani. Hakuna aliyenunua dawa. Watu walikuwa wamesimama tu, mmoja hapa, mmoja kule, kama ilivyokuwa desturi yetu mpya.

"Mama," mtangazaji alisema, "tueleze, siku ile ulidanganywaje?"

"Sikudanganywa," alisema. Sauti ile ya ng'ambo ya mto ilijaza duka langu. "Turubai nililifunga mimi, kigingi kwa kigingi. Waliokaa chini yake walikuwa wanamlilia mwenye mashine ya kusaga. Nilimwona maiti kwa macho yangu, nilimfunika miguu. Mdogo wangu alikuwa anakaza kamba. Hakuwahi kushika bunduki, alikuwa anaogopa hata kuchinja kuku. Wale waliokufa mara ya pili walikuwa wanawakimbilia waliokufa mara ya kwanza. Ninyi mliokaa mnatazama kwenye vioo, mliwaona wakikimbia na mikono mitupu. Mliwaona. Haya semeni ninyi, nani alimdanganya nani?"

Tulisikia kiti kikiburutwa. Tulisikia kapteni akisema, "Kata! Kata!" Baadaye Mama Turubai alinieleza kwamba mtangazaji alizitazama swichi zake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuziona, akagusa hii, akagusa ile, zote zisizohusika. Katika nafasi hiyo Mama Turubai akaanza kutaja majina ya waliouawa. Alitaja la Kamba, akataja la mwenye nyumba ya tatu kutoka kwangu, akataja ya ndugu wawili waliokuwa wakiuza betri sokoni. Kisha ukapigwa wimbo wa mapenzi, kutoka katikati.

Mwanamke mmoja dukani kwangu alikaa chini sakafuni na kulia.

Walimweka Mama Turubai ndani wiki kadhaa. Mtangazaji alifukuzwa kazi siku ileile. Mama Turubai alipotoka alikuwa amekonda, nguo zinamning'inia, lakini mdomo ulikuwa umerudi na nguvu zake zote.

"Walikuwa wananiuliza kiongozi wangu ni nani," alituambia. "Nikawaambia ni haya magoti. Ndiyo yanayoniamulia niende wapi na nisiende wapi."

Binti wa Kamba alimpokea langoni. Hawakuombana msamaha mbele yetu. Binti alimshika mkono, akamwingiza ndani, akamkanda miguu kwa maji ya moto.

Sasa, binti huyu alikuwa na mchumba, fundi wa friji, kijana mkimya mno. Watu walisema aliposa kwa kutingisha kichwa. Harusi ilipangwa ifanyike jikoni kwa shangazi kama za wengine wote. Walikuwa wanapima jinsi ya kuhamisha meza binti aliposimama katikati ya jiko na kusema, "Shangazi, mimi sitaki kuolewa jikoni."

"Utaolewa wapi?"

"Nje. Kwenye uwanja wa shule. Chini ya lile jeupe."

Utashangaa. Mama Turubai, aliyelitolea jeshi maneno makali mbele ya mji mzima, alikataa katakata. "Baba yako nilimtoa chini ya chuma kwa mikono hii. Wewe nani atakutoa? Funga mdomo, tuhamishe meza."

"Redioni ulisema hawakuwa na kosa."

"Hawakuwa nalo."

"Basi mbona tunajificha kama tunalo?"

"Unadhani ile ndege inajua nani ana kosa?"

"Haijui," binti alisema. "Haitajua hata tukiingia kabatini. Lakini mimi nitajua. Kila nikikumbuka harusi yangu nitakumbuka nilivyoinama dirishani kuangalia kama inapita."

Fundi wa friji alikuwa ameshika upande mmoja wa meza muda wote huo. Akaiweka chini. Akasema, "Nje," na ikawa ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia.

Wengine walitaka wasubiri siku ya mawingu angalau. Binti akakataa hata hilo. Alitaka siku ya jua.

Asubuhi yake nilipofungua duka, kufuli la stoo lilikuwa limetoka. Turubai jeupe lilikuwa limetandazwa ua mzima, na Mama Turubai amepiga magoti katikati yake na sindano nene ya kushonea maturubai, anaziba matundu ya panya. Alishona siku nzima. Ndege ilikuwa juu. Aliinua kichwa mara moja tu, kukata uzi kwa meno.

Kisha akazunguka nyumba kwa nyumba. Alikataa kutuma mtu. "Nakualika harusi ya mtoto wangu," alimwambia kila mmoja. "Itakuwa nje, mchana, chini ya turubai. Sikudanganyi. Inaweza kuja, na ikija sijui itafanya nini. Ukija, njoo unajua. Usipokuja, sitakuhesabia ubaya." Wengine walimshika mkono. Wengine walijifanya hawapo, huku redio zao zinalia ndani. Mama wa wale ndugu wawili wa betri alifungua mlango, akamsikiliza mpaka mwisho, akaufunga. Kwangu nilianza kueleza kuhusu kazi nyingi za dukani, na mke wangu akaniambia kutoka ndani, "Tutakwenda. Shati lako nimeshalipiga pasi."

Mama Turubai akaenda mpaka ofisi ya jeshi. Kapteni alimwambia mikusanyiko inahitaji kibali, na kibali hakitolewi.

"Sijaja kuomba," alimwambia. "Nimekuja kuwaambia siku na mahali, msije mkasema tena hamkujua. Ni harusi. Kutakuwa na wanaume wengi, watavaa suti zisizowatosha. Wataingia chini ya turubai na hawatatoka mpaka wale."

"Mama, siwezi kukuhakikishia usalama wako."

"Hata nikikaa jikoni huwezi."

Siku ikafika. Anga lilikuwa buluu tupu, hata kipande cha wingu hakuna. Turubai jeupe lilisimama katikati ya uwanja wa shule, limekazwa vizuri, na chini yake viti vilipangwa safu kwa safu. Viti vingi vilikuwa vitupu. Tulioketi tulikuwa wachache, tumekaa wima kama watu wanaosubiri daktari. Lakini kuzunguka uwanja, kando ya kuta za nyumba, kwenye vivuli, watu walikuwa wamesimama. Walikuwa wamevaa nguo zao za harusi. Walikuja lakini hawakufika, kama unanielewa. Mama wa wale ndugu wawili alikuwa miongoni mwao, ameegemea ukuta wa darasa.

Mtangazaji aliyefukuzwa ndiye alikuwa mshereheshaji. Alimkaribisha bibi harusi kwa ile sauti ya asali, na binti wa Kamba akaingia na gauni lililoshonwa na majirani, uso wazi, anatembea polepole kupita ilivyohitajika. Wakala kiapo. Tukapiga makofi. Makofi yalipoisha, tukaisikia cherehani.

Mtu mmoja nyuma alisimama, kisha wa pili. Mke wangu akanibana mkono mpaka nikahisi mfupa. Kivuli kile cheupe ambacho dakika moja iliyopita kilikuwa kizuri, sasa kilikuwa kama kifuniko cha sufuria. Huwezi kuona ndege iko wapi. Unaisikia tu, na unajua kwamba unachokiona wewe ni kitambaa, na inachokiona yenyewe ni kitambaa.

Mama Turubai aliinuka kwenye kiti cha mbele. Nilidhani anakimbia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akachukua nyundo, akaanza kung'oa kigingi.

"Shangazi!" binti aliita.

"Wanasema turubai linaficha," alisema bila kugeuka. "Haya. Halitaficha. Nishikieni upande ule! Wewe wa dawa, mikono yako inafanya nini mapajani?"

Nikaenda. Tulilegeza kamba za pande zote, lakini kilele tulikuwa tumekifunga chini kabla ya kusimamisha mabomba, sasa kilikuwa kimekazwa juu, na hakuna aliyewahi kupanda kukifungua ila Kamba. Tukabaki tunatazama juu. Fundi wa friji akavua koti, akampa bibi harusi alishike, akalikumbatia bomba la kati, viatu vyake vipya miguuni, akapanda. Aliteleza, akajikaza, akafika. Akafungua fundo kwa meno. Turubai likajaa upepo mara moja kama linavuta pumzi, kisha likateremka lote upande mmoja, na jua likatumwagikia.

Hapo tukaiona, juu yetu kabisa, nyeupe, ndogo.

Mama Turubai alimnyang'anya mtangazaji kipaza sauti. "Inueni nyuso," alituambia. "Msiiname. Mtu anayetaka kutuona, atuone vizuri." Kisha akainua uso wake mwenyewe na kupaza sauti, ingawa alijua haisikii. "Haya, tazama! Huyu ni bibi harusi. Baba yake mlimuua. Huyu ni bwana harusi, anatengeneza friji. Yule pale ni wa dawa, muoga lakini amekuja. Wale ni wapishi. Hatuna tulichokificha, wala hatukuwa nacho siku ile. Tunakula sasa. Mkitaka kutuua, mtuue mkituona!"

Niliinua uso. Machozi yalinitoka kwa jua, na kwa mengine. Nilipofuta macho nilimwona mama wa wale ndugu wawili ameacha ukuta wa darasa. Alivuka uwanja peke yake, anatembea kwa hasira kama mtu anayekwenda kudai haki yake, akaja mpaka safu ya mbele, akaketi kwenye kiti cha katikati, akainua uso. Nyuma yake ukuta wote ukabanduka. Walikuja kutoka vivulini, wakaja wa nyumba ambazo redio zilikuwa zikilia ndani, wakaja na stuli zao maana viti viliisha. Mtangazaji akawasha muziki akaufungulia mpaka mwisho.

Ndege ilizunguka. Tulikula jasho linatiririka, vichwa vinachemka, wazee wamejifunika leso. Tulicheza. Wapo waliocheza wakiwa wanatazama juu, na wapo waliocheza wamefumba macho. Ilipoondoka hakuna aliyejua, kwa sababu ya muziki. Aliyekuwa mbele ya kioo hatukumjua hapo awali na hatumjui mpaka leo. Labda aliona. Labda aliambiwa asubiri amri na amri haikuja. Sitaki kumpa moyo ambao sijui kama anao.

Wiki iliyofuata jeshi likamnyang'anya Mama Turubai leseni ya biashara na kuizuia pikapu. Mama Turubai akabeba mabomba kwa mkokoteni. Mteja wake wa kwanza alikuwa mama wa ndugu wale wawili: alitaka msiba. Wanawe walikuwa wamezikwa kwa haraka na hofu, hawakuliliwa, na alitaka waliliwe sasa. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Kiangazi chote kile mji wetu ulifanya misiba yake iliyochelewa, mmoja baada ya mmoja, uwanjani, mabomba yamesimama bila turubai juu yake, nyuso nje. Mtangazaji aliyasoma majina yote kila mara, hata kama msiba ulikuwa wa mtu mmoja. Redio haijasahihisha habari yake mpaka leo. Kila mwezi Mama Turubai anapanda ngazi za kile chumba cha magodoro kuwauliza kwa nini, na wanamwambia mkubwa hayupo.

Msiba wa Kamba ulikuwa wa mwisho. Kapteni wa sabuni nzuri alikuwa ameshahamishwa, na aliyekuja badala yake, mtu mzima kidogo, alitokea siku hiyo amevaa nguo za kiraia, kana kwamba viatu vyake vya jeshi havikumtaja. Alisimama nyuma, karibu na lango la shule. Mama Turubai alimwona. Alichukua kiti, akakibeba mwenyewe kwa magoti yale, akakiweka mbele ya yule afisa.

"Kaa," alimwambia. "Majina ni mengi, utachoka."

Akakaa. Alisikiliza yote, mikono juu ya mapaja, na jina la Kamba lilipotajwa binti yake alimgeukia na kumtazama mpaka afisa akainamisha macho. Majina yalipoisha akainuka, akaanza kuelekea langoni.

"Ndugu," Mama Turubai alimwita kwa sauti ya uwanja mzima. "Kiti hicho ni changu. Kirudishe kwenye safu."

Watu wote waligeuka. Yule mtu alisimama kidogo, kisha akarudi, akakichukua kiti na kukibeba katikati yetu mpaka mbele, akakipanga na vingine.

"Kinyooshe," alimwambia. Akakinyoosha.